Mume Wangu Alisema "Mie Nipo", Mdogo Wangu Wiki ya Tano Hii Bado Yuko Rumande

Asalaam aleikum admin, nanyi nyote mnaosoma hapa. Jina langu lifiche, na la mtaa pia, maana Unguja ni ndogo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili, nashona nguo nyumbani huku mjini. Nina hasira na nimechoka, kwa hiyo nikiandika ovyo mnisamehe.

Mdogo wangu wa tumbo moja, nimwite Hamadi, anatembeza wageni msitu wa Jozani. Mgeni mmoja alipotelewa na simu, na kwa kuwa Hamadi ndiye aliyekuwa naye siku ile, akakamatwa yeye. Simu haikukutwa kwake. Kama kaiba au hakuiba mahakama itasema, mimi siwezi kumwapia mtu. Lakini siku ya kwanza tu hakimu alisema dhamana iko wazi: wadhamini wawili wenye kitambulisho cha Mzanzibari na barua ya sheha wa mtaa wao, na mmoja wao awe mtumishi wa serikali. Nilishusha pumzi. Nikajua haipiti siku ya pili tutakuwa naye nyumbani.

Mdhamini wa kwanza alikuwa tayari, rafiki yake mwenye duka Chwaka. Wa pili tulikaa kwa mama kumtafuta. Mume wangu ni mtumishi wa serikali. Mama hata hakumwomba, alimtazama tu, naye akasema, "Mama usihangaike, mie nipo." Mjomba wangu, ambaye pia ni wa serikali, alikuwa keshatoa kitambulisho chake mfukoni. Akakirudisha. Kwetu mkwe akishasimama, mwengine akijitia mbele ni sawa na kumwambia hatumuamini.

Hiyo "nipo" ndiyo iliyotuponza. Mara kanyimwa ruhusa kazini. Mara sheha hapatikani. Mara kichwa kinamuuma. Na kila tukipanga siku, yule rafiki wa Chwaka anafunga duka, anakuja mjini, anakaa kwenye benchi la mahakama mpaka adhuhuri, anarudi kwao. Mimi namwomba radhi mpaka maneno yameniishia.

Wiki hii nikaona isiwe taabu, nikaenda kwa sheha mwenyewe.

"Shikamoo sheha, nimekuja kuulizia barua ya mume wangu ya dhamana."

"Marahaba. Barua gani tena, mwanangu? Mbona nshampa zamani, wiki ile ile ya mwanzo."

Nikarudi nyumbani, nikaikuta kwenye faili la kazi la mume wangu, imekunjwa vizuri, na muhuri umepigwa. Aliporudi nikamwekea mezani. Hakukataa.

"Nilimuonea muhali mama yako," akasema. "N'tamwambiaje hapana mbele za watu? Lakini Hamadi mie simuamini. Akikimbilia bara, n'takamatwa mimi, na kazi yangu itakwenda."

"Si ungesema siku ile ile? Mjomba keshatoa kitambulisho!"

Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni. Kisha akasema, "Ukimwambia mtu wa kwenu, utakuwa umenivua nguo mbele ya wakwe zangu. Na hapa usirudi."

Jamani, huu muhali wetu! Si bora mtu akukatalie usoni ukalia siku moja? Hofu yake naielewa, na angekataa tangu mwanzo wallahi nisingemlaumu. Kinachoniuma ni kuwa mtu hajahukumiwa, hakimu mwenyewe kasema atoke, na aliyemfungia ndani ni adabu za mume wangu. Mtaani wanasema, "Angekuwa hana kosa angekuwa nje." Mimi ninayejua kwa nini hayuko nje nainama na cherehani yangu.

Juzi nilikwenda kumtazama. Kakonda, kajaa upele mikononi. Akaniambia, "Dada, nisalimie shemegi. Mwambie najua anavohangaika, asije akagombana na wakubwa zake kwa sababu yangu." Nikamwambia salamu zitafika. Sikuweza kumtazama usoni.

Mume wangu sasa ameapa kuwa Jumatatu atakwenda. Wiki iliyopita pia aliapa. Mjomba yuko tayari hadi leo, ila anamsubiri mkwe, na Jumanne anahamia Pemba kikazi. Ili awahi kupata barua kwa sheha wake, lazima aambiwe kesho Ijumaa, kabla ofisi hazijafungwa. Mama hajui lolote. Kila Ijumaa anampikia mkwewe biriani na kumuombea dua.

Nikinyamaza na mume wangu asitokee, basi mdogo wangu nitakuwa nimemfunga mimi. Nikisema, watoto wangu watalelewa nyumba mbili. Namba ya mjomba nimeipiga mara tatu, kabla haijaita nakata. Wenzangu, mngekuwa nyinyi mngeiacha iite? Nijibuni leo, kesho kutwa haitanifaa.