Harusi Waliyoikosa Wanawake wa Msuka

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, katika ukumbi mmoja mjini Chake Chake, kiongozi wa utafiti wetu alitangaza kuwa Pemba itaondolewa kwenye ripoti. Utafiti wenyewe ulihusu namna ya kuzuia watu wasiendeshe gari wakiwa wamelewa. Sisi wadodosaji tulikuwa tumezunguka kisiwa kizima na karatasi iliyotungwa bara, na swali lake la kwanza kwa kila dereva lilikuwa: "Wiki hii umekunywa chupa ngapi?" Wote walijibu kuwa hawanywi. Wengine walinifukuza barazani kwao.

"Basi hapa hakuna tatizo," alisema kiongozi, kijana mwenye adabu, na akafunga kompyuta yake.

Mimi ni fundi wa majokofu, nakaa Madungu hapo hapo mjini, udodosaji ni kibarua tu, na mambo ya usalama barabarani nimejisomea mwenyewe. Nimewahi kumtoa mtu kwenye gari iliyolala ubavu mtaroni, harufu ya tembo, pombe ya mnazi, imejaa ndani. Kesho yake mtaa mzima ulisema breki zilikatika. Breki zile nilizikagua kwa mikono yangu. Zilikuwa nzima.

Nikaomba nipewe hadi Jumatatu. Kiongozi akasema maswali hayabadilishwi, ila kutembea sikatazwi.

Jumamosi alfajiri, Madungu. Baada ya sala nilipakia karatasi zangu kwenye pikipiki nikashika njia ya kaskazini, kwenda Msuka kwa Bi Mize, shangazi wa mke wangu. Aliwahi kunisimulia kuwa yeye na wenzake walirudi kwa miguu kutoka mazikoni, huku gari iliyowapeleka imesimama pale pale na dereva wake yumo ndani. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Sasa nilitaka kuuliza, na nilitaka kumwahi, maana siku hiyo mjukuu wake alikuwa anaozwa Chake Chake.

Njiani nilitafakari swali jipya. Mnywaji wa kisiwa hiki hatakiri mbele ya mgeni mwenye kalamu. Angekuwa mwendawazimu kukiri. Lakini abiria hana dhambi ya kuficha. Kwa nini asiulizwe yeye?

Konde, kwenye mkahawa. Niliagiza chai na mkate wa kusukuma, nikamuuliza jirani yangu wa mezani kama amewahi kukataa kupanda gari kwa sababu dereva amelewa.

"Kukataa? Hilo siliwezi," alisema. "Mie nilishuka njiani nikasingizia tumbo."

"Kumbe na wewe tumbo!" alidakia mwenzake wa meza ya pili. "Mie nilidhani ni langu tu lililouma siku ile."

"Yakhe, la kwako si lilianza kabla gari haijatoka?"

Wakacheka sana. Mimi sikucheka. Watu wazima wawili walimjua mlevi mmoja, wakajiokoa kila mtu peke yake, na wakawaacha abiria wengine waendelee naye. Niliwauliza kama walimwambia yeyote. Wakanitazama kama niliyewaomba wamvue mtu nguo sokoni.

Msuka, karibu na saa tatu. Bi Mize na wanawake wenzake kumi na wanne walikuwa tayari uani, wamevaa, wamejitia udi, sinia za vitafunio, vileja na visheti, zimefungwa kwa kanga. Walikuwa wamechanga wakakodi basi dogo kutoka Wete, na fedha ililipwa kabla, kama anavyotaka mwenye gari. Nikah ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, fundi. Umekuja na makaratasi tena? Leo sijibu kitu, leo naoza mjukuu. Wa kwanza huyu."

Basi lilifika likiwa limechelewa, likapanda ukingo wa baraza kwa tairi moja na kusimama hivyo hivyo. Dereva, Kombo, kijana wa hapo hapo kijijini, alishuka akishikilia mlango. Macho mekundu, shati limefungwa kifungo kisicho chake. Harufu ya tembo ilinifikia kabla ya salamu yake.

Mzee Hamad, kaka yake Bi Mize, aliyekuwa akiwasindikiza, alitazama pembeni. Mwanamke mmoja akaanza kusoma dua na kuinua mguu kupanda.

"Teremka," Bi Mize alimwambia. Kisha akamgeukia dereva. "Kombo mwanangu, unaumwa. Nipe ufunguo nikuwekee, ukalale."

"Siumwi, Bi."

"Mie nakuona unaumwa."

"Bi, n'nakupelekeni harusi zote. Mshawahi kuanguka na mie?"

"Hatujaanguka, na leo hatuanguki. Ufunguo."

"Homa yake inanuka," alisema sauti moja nyuma, na kina mama wakaziba midomo kwa mitandio.

"Nyamazeni," Mzee Hamad akasema. "Mtu husitiriwa."

Kombo alitoa ufunguo. Bi Mize akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Leseni yangu ni ya pikipiki tu, Bi Mize hakutaka kuwaacha wenzake apande nyuma yangu, na gari nyingine haikupatikana. Siku ya Jumamosi gari zote huwa zimekodiwa. Bi Mize alimpigia simu mwenye basi, sauti tukiisikia sote.

"Dereva wako mgonjwa. Tuletee mwengine au turudishie fedha yetu."

"Mgonjwa? Kaondoka hapa mzima. Gari imefika kwako, Bi, nyinyi ndio mliokataa. Mimi sirudishi."

Nilinyoosha mkono nipewe simu. Neno moja tu la kweli lingetosha. Bi Mize akaushusha mkono wangu.

"Mama yake Kombo ni huyo hapo, fundi," alisema taratibu. Nikaangalia. Alikuwa miongoni mwa waliovaa, ameinamia sinia lake.

"Na wiki ijayo akikodiwa na wengine?" niliuliza.

"Wiki ijayo na wao wawe na macho."

Hapo ndipo niliposhindwa kuzuia hasira. Nilimwambia Mzee Hamad kuwa sitara aliyoitaja imemfunika mlevi, na sasa inamfunika na tajiri wake, mwenye basi. Wenye haki ndio walioachwa uchi. Bi Mize alikwenda kukaa kizingitini, simu mkononi, akimsikiliza mjukuu wake akilia upande wa pili.

Jumatatu, Chake Chake. Kiongozi alisoma nilichoandika, akauliza kama Kombo amekiri. Nikamwambia hakukiri, wala hatakiri, wala hahitajiki kukiri. Waulizwe waliokataa kupanda, waliosingizia tumbo, waliorudi kwa miguu. Na anayeshika ufunguo apewe njia ya kudai fedha yake bila kumtaja mtoto wa jirani. Nimejifunza kwamba hapa kwetu watu wanajua kuwazuia walevi. Wanazuia kimya kimya, kwa gharama zao, na kimya hicho ndicho ripoti inachokiita kisiwa kisicho na tatizo. Kiongozi akasema atalifikisha kwa waliotunga maswali.

Basi lile halikuondoka Msuka siku hiyo. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyefika harusini, na mwenye gari hajarudisha hata senti. Wanawake kumi na watano, elfu kumi kila mmoja: shilingi laki moja na hamsini elfu.