Kifungua Mimba Aliyeachwa kwenye Wosia

Seremala huyu watu walimwita Randa, na jina lilimkaa. Tangu amalize shule alikuwa kwenye karakana ya baba yake, akitengeneza vitanda, makabati na majeneza. Kazi nyingine hakuijua, wala hakuitaka. Sasa siku moja fundi viatu wa jirani, mtu asiyejua kufunga mdomo, akamtolea habari: mzee ameandika wosia, naye fundi viatu ametia sahihi kama shahidi. Karakana inakwenda kwa binti. Randa, kifungua mimba, hapati hata msumari.

Ama kweli! Papo hapo Randa akamshuku huyo binti, mdogo wake. Nani mwingine? Ndiye anayempikia mzee, ndiye anayempa dawa, ndiye anayefunga mlango wakiongea. Hata chai aliyomletea Randa akaanza kuinusa kabla ya kunywa. Upuuzi mtupu, lakini roho ilikuwa imeshachafuka.

Akaenda kwa wakili.

"Mzee yu hai?"

"Yu hai."

"Basi huna kesi. Akiwa hai anaweza kuubadilisha wosia hata kesho. Akifa, unaweza kuupinga mahakamani: useme alirubuniwa, au alilazimishwa, au akili zake hazikuwa timamu. Na uwe na ushahidi."

"Yaani nisimame mbele za watu niseme baba yangu kichaa?"

"Au ukamuulize mwenyewe. Si bado anaongea?"

Akaenda, amefura. Mdogo wake alikuwa sebuleni akikunja nguo. Randa akampita bila salamu, akaingia chumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kumalizia vipimo?"

"Vipimo gani?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Siku ile ulidhani nimelala, ukaninyooshea futi kutoka utosini mpaka kwenye nyayo. Mimi nimechonga majeneza maisha yangu yote, mwanangu, najua mtu anavyopimwa. Nikasema, kumbe huyu hata kusubiri hawezi! Dada yako alikutetea mpaka akalia. Sikumsikiliza, nikaandika wosia."

Randa akakaa sakafuni. Aibu ya ile chai ikamshika.

"Baba, nilikuwa nakupimia kitanda. Hiki kifupi, miguu yako inaning'inia. Nilitaka nikushtukize."

"Kiko wapi?"

Masikini Randa! Kitanda kilikuwa kimekwisha, kimepigwa msasa na vanishi. Lakini siku aliyosikia habari za wosia, kwa hasira alimuuzia mteja wa kwanza aliyetokea.

"Nimekiuza," akasema, na mwenyewe akasikia neno lilivyonuka uongo.

Mzee akausukuma mto pembeni, akajinyoosha chali.

"Haya, nipime tena. Safari hii niko macho."

"Na wosia, baba?"

"Nikishakilalia hicho kitanda, tutaongea."

Randa akatoa futi mfukoni, akaanza kupima. Mzee alimfuata kwa macho kutoka utosini mpaka kwenye nyayo, wala hakupepesa.