Kichochoro Kinachotazama Meru

Bi Arafa wa Daraja Mbili alikuwa na jambo lililomtesa kuliko magoti yake: alikuwa ameanza kumsahau mwanawe. Sura aliikumbuka, maana picha yake ilitundikwa sebuleni, kijana mwembamba mwenye shati la kola ndefu. Kilichompotea ni mwendo. Muzammil alikuwa akitembeaje? Akiitwa, alikuwa akigeukaje? Alifia vitani Uganda mwaka wa sabini na tisa, akazikwa hukohuko, na mama yake hakuwa hata na kaburi la kupalilia.

Arafa hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Kila alfajiri alipika vitumbua barazani, na watu wa soko la chini waliokwenda kuwahi biashara walivinunua vikiwa bado vinatoa moshi. Alipika siku alipoletewa habari ya mwanawe, kwa sababu unga ulikwisha kuumuka. Alipika pia wiki moja baada ya kumzika mumewe, Shamsudin. Jirani zake walimwona mwanamke mgumu, naye hakuwabishia.

Shamsudin alikuwa mpiga picha katika studio moja karibu na mnara wa saa. Tajiri wake alikuwa na kamera ya sinema, na siku ya Idd mwaka wa sabini na sita alimwazimisha akaipige picha familia yake ikitembea mjini. Filamu ikapelekwa Nairobi kusafishwa, ikarudi kabla mpaka wa nchi hizi mbili haujafungwa, wakaitazama mara moja tu kwenye ukuta wa studio. Kisha tajiri akahamia Ulaya na mashine yake ya kuonyeshea. Kopo la filamu likabaki juu ya kabati, likawekewa kitambaa, likawa kama pambo la nyumba.

Ikaja ile miaka ya ruksa. Madukani vitu vikajaa, kila kona pakawa na mitumba, na Zakia, binti wa Arafa aliyeuza mitumba hiyo Soko Kuu, akanunua televisheni na deki ya video. Siku moja akalishusha kopo lile, akalipeleka mtaa wa Sakina kwa Frederick, mpiga video za harusi. Frederick aliazima mashine ya zamani kwenye misheni, akaionyesha filamu juu ya shuka jeupe na kuirekodi kwenye kanda.

Wakaitazama Jumapili, mchana, milango imefungwa ili mwanga usiingie.

Filamu haikuwa na sauti. Ulitokea kwanza mnara wa saa, na Arafa mwenyewe akiwa na buibui jipya, amemshika mkono Zakia mdogo aliyekuwa akilia kwa sababu ya viatu. Lilifuata Soko Kuu, halafu foleni ya watu nje ya sinema.

"Hapo ni Uhuru Road," Arafa alisema. Barabara ilikwisha kubadilishwa jina, lakini yeye hakulizoea jipya. "Na hilo ni duka la Msomali aliyekuwa akiuza nyama. Angalia, Zakia, miti ilivyokuwa mifupi."

Zakia alifurahi kumsikia mama yake akisema maneno mengi hivyo.

Halafu ikaja sehemu ya mwisho, ambayo Shamsudin alimwachia mwanawe kamera aimalizie. Ilionekana njia nyembamba. Msichana mrefu mweusi alikuwa akija, shanga shingoni, futi ya mshonaji ikining'inia begani. Alipoona anapigwa picha alijifunika uso kwa viganja, akacheka. Picha ikatikisika, kwa kuwa kamera ilibadilisha mikono. Sasa aliyekuwa mbele alikuwa Muzammil. Alitembea akija, bega moja limeshuka kidogo, midomo ikisema kitu, mkono umenyooshwa kuidai kamera, mpaka kiganja kikaziba kila kitu na filamu ikaisha.

Arafa alisogea karibu na televisheni. Ndiyo, bega la kushoto. Lilishuka hivyo tangu utotoni, na yeye alikuwa amelisahau.

"Irudishe," alisema.

Zakia aliirudisha mpaka deki ikapata moto. Mara ya kwanza, kule studio, baba yao aliuliza huyo msichana ni nani, na Muzammil akajibu kuwa ni mteja wa studio, wakacheka na mambo yakaishia hapo. Sasa Arafa alimtazama msichana yule kwa macho mengine. Mteja hapewi kamera ya watu aishike. Na Muzammil hakumtazama mteja vile.

"Hapo ni wapi?" aliuliza.

"Goliondoi," alisema Zakia.

"Siyo. Tazama mwisho wa njia."

Mwisho wa njia, kati ya mapaa mawili ya bati, ulionekana Mlima Meru mzima, na upande wake uliomeguka. Njia ilikuwa imenyooka kuuelekea mlima. Na juu ya mlango mmoja kulikuwa na kibao kilichokatwa na ukingo wa picha, yakabaki maneno "NDE FUNDI CHEREHANI".

Kesho yake vitumbua vilipokwisha, mama na binti walikwenda mjini. Zakia alishangaa kumwona mama yake, aliyekuwa akilalamikia magoti, akisimama katikati ya kila njia na kuutafuta mlima. Mji ulikuwa umepakwa rangi mpya. Palipokuwa na duka la ushirika palikuwa na duka la kubadilishia fedha za kigeni. Mahali pengine ghorofa lilikuwa limeuficha Meru kabisa. Njia moja mlima ulikaa kushoto mno. Nyingine haukuonekana. Watu walimpita bibi yule wakidhani amepotea.

Adhuhuri ilikuwa imekaribia walipoingia kichochoro kimoja upande wa juu wa soko, na Arafa akasimama. Bati moja lilikuwa limebadilishwa, lakini mlima ulikaa palepale, katikati. Alikwenda akaushika ukuta mahali Muzammil alipopita. Zakia akageukia upande mwingine ili asimwone akilia, maana hakuwahi kumwona.

Kibao hakikuwepo, lakini fundi alikuwepo. Jina lake Anande, mzee wa Kipare aliyevaa miwani yenye uzi. Siku hizi hakushona nguo mpya. Alipunguza suruali za mitumba zilizowazidi watu.

"Msichana mrefu mwenye shanga?" Anande alisema. "Huyo ni Namnyaki, mtoto wa mwinjilisti mmoja kule Kisongo. Nilimfundisha kazi mimi. Aliacha mwaka ule wa vita, akaolewa. Nasikia ana cherehani yake Maji ya Chai, pale sokoni. Kwani kuna nini, mama?"

"Alimfahamu mwanangu," Arafa alisema.

Fundi alimtazama. "Yule wa kamera? Alikuwa akija hapa kila Jumamosi na shati halina kifungo. Nikawa nasema, shati gani hili lisilokwisha kukatika vifungo." Akatabasamu. "Hajambo?"

Zakia ndiye aliyemjibu.

Walikwenda Maji ya Chai siku ya soko. Namnyaki walimkuta chini ya paa la makuti, mwanamke wa makamo aliyenenepa kidogo, anashona sare za shule. Aliwaamkia vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mama yake Muzammil. Wa Daraja Mbili."

Mguu wa Namnyaki ukasimama juu ya pedali. Aliivuta sare taratibu, akakata uzi kwa meno, akaikunja. Uso wake haukuwa na furaha.

"Bado yuko Mwanza?" aliuliza.

Arafa hakuelewa. "Mwanza?"

"Nilikuja kwenu, mama. Vita imekwisha, vijana wanarudi, yeye kimya. Nikaja. Nilimkuta mzee barazani, nikamuuliza, akaniambia, yuko Mwanza. Nikamuuliza atarudi lini, akasema hatarudi, yuko Mwanza. Basi nikaelewa. Amepata mwenzake huko." Aliiweka sare juu ya nyingine. "Si jambo geni. Ila angeniambia mwenyewe."

Arafa alikaa juu ya gunia la vitambaa bila kukaribishwa. Alijua mara moja. Tangu wanajeshi wawili walipoleta habari, Shamsudin hakuwahi kutamka kwamba mwanawe amekufa. Aliyemuuliza alijibiwa kuwa kijana yuko Mwanza, kwa sababu Mwanza ndiko ilikotoka salamu yake ya mwisho. Watu wa mtaani walifahamu, wakamsitiri. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja angekuja mtu asiyefahamu.

"Hakuoa," Arafa alisema. "Alikufa, mwanangu. Alikufa vitani kabla wewe hujaja. Mzee hakuweza kulisema."

Nje watu waliendelea kupatana bei za ndizi. Namnyaki alishika gurudumu la cherehani kwa mikono miwili, kana kwamba lingezunguka lenyewe.

"Nimemsema vibaya," alisema baadaye sana. "Miaka yote hii. Baba aliponitafutia mume nilikubali siku ileile, kwa hasira. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa nilisema, laiti yule mtu angeona kwamba sikufa." Akaliachia gurudumu. "Na yeye yuko ardhini."

Zakia alimweleza habari ya kanda, kwamba angeweza kuja kuitazama akipenda. Namnyaki alitikisa kichwa.

"Nina mume, dada. Ni mtu mwema. Sina cha kwenda kutazama."

Walirudi nyumbani, na njia nzima Arafa alikuwa akimwonea huruma Shamsudin, na wakati huohuo akimkasirikia, na hakujua aanze na lipi.

Miezi ikapita. Mvua za vuli zilipokuwa zikiishia, asubuhi moja, Namnyaki akabisha hodi amebeba ndizi na maziwa. Alisema tu kwamba mume wake ndiye aliyemwambia aende. Wakamkalisha mbele ya televisheni. Alijitazama akija, mwembamba, anacheka viganjani, akajifunika mdomo kwa kitenge. Muzammil alipotokea na mkono wake, Arafa akainama karibu naye.

"Alikuwa anasema nini hapo?"

Lilikuwa swali lililomnyima usingizi tangu siku ya kwanza. Namnyaki aliitazama midomo ile, akaomba irudishwe, akaitazama tena.

"Sikumbuki, mama," alisema. "Niliapa kumsahau, nikajitahidi. Nisamehe."

Arafa akampigapiga mgongoni. "Basi. Si neno."

Wiki chache kabla ya Ramadhani Arafa alisoma hitima ya marehemu wake kama kila mwaka. Ndani mashekhe walisoma, uani wanawake walipika pilau. Namnyaki alikuja tangu asubuhi, Mlutheri kati ya wanawake wa mtandio, akasimama pembeni ya jiko asijue pa kuweka mikono. Jirani mmoja, Bi Swabaha, aliyekuwa akimenya vitunguu, alimuuliza amemfuata nani.

"Nimekuja msibani," Namnyaki alijibu.

"Msiba upi tena, mwanangu? Hapa ni hitima."

"Wa Muzammil."

Bi Swabaha alishusha kisu. "Mbona huyo amekufa zamani."

"Mimi nimepata habari mwaka huu," Namnyaki alisema.

Bi Swabaha akajivuta, akampisha kwenye mkeka, akamwambia pole. Na mmoja baada ya mwingine, waliokuwa karibu wakafuta mikono kwenye kanga zao, wakamwendea kumpa mkono wa pole.