Sanamu Nilizosema ni za Mama

Mama alituachia sanamu moja. Ninaanza na hilo kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayelisema, na kosa ni langu.

Ilikuwa ya msichana mwenye bata bukini wawili, urefu wake kama kikombe cha chai, mkono wa kushoto umekatika kwenye kiwiko. Mama alikuwa akifua nguo kwa mjane mmoja wa Kigiriki aliyekaa juu ya duka lake katika mtaa wa Asiatique. Mjane huyo alipohama nchi alimpa mama yule msichana, kwa kuwa hakuna mnunuzi aliyetaka kitu kisicho na mkono. Mama akamweka juu ya redio. Baba alikuwa ameshafariki. Mama naye alimfuata nikiwa na miaka kumi na saba, mdogo wangu wa kiume ana tisa, na kitinda mimba wetu, msichana, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Niliacha shule wiki hiyohiyo na kwenda kujifunza kazi kwa fundi wa mapazia.

Leo kabati la nyumbani kwetu Ngagara lina sanamu thelathini, za kauri, zote kutoka Ulaya, zote nzee kuliko nyumba yenyewe. Mtu mwenye akili angejiuliza mfua nguo alizipata wapi. Kwetu swali hilo halijawahi kumkosesha mtu usingizi.

Anayeshona mapazia huingia nyumba za watu mara mbili. Wanapohamia, humwita apime madirisha. Wanapohama, humwita ayashushe. Nilizoea kufika Kigobe, mtaa wa wenye nacho, siku za kuhama, masanduku yakiwa wazi barazani na kila mfanyakazi wa nyumba akiwa na rundo lake la vitu alivyoachiwa. Siku moja zamu, yaani mlinzi wa lango, alinionyesha cha kwake. Alikuwa ameachiwa kijana wa kauri mwenye koti la bluu, mchunga kondoo, amekumbatia mwanakondoo kifuani. Vidole vyake vilikuwa vyembamba kama njiti za kiberiti na kila kimoja kilikuwa na ukucha. Zamu alinung'unika kwamba wenzake wamepata magodoro, yeye amepata mwanasesere. Akasema akipata kitambaa cha maana atabadilishana.

Kwenye mfuko wangu kulikuwa na kipande cha kaki. Kilikuwa cha suruali ya shule ya mdogo wangu wa kiume, ambaye ile ya zamani ilikuwa na viraka viwili nyuma. Nilisimama pale langoni nikijiambia kwamba sitafanya jambo la kijinga namna hiyo, kisha nikalifanya.

Jirani aliingia jioni ileile, kama kawaida yake bila hodi, akaona kitu kipya karibu na redio. Aliuliza nimekitoa wapi. Yatima wa miaka kumi na tisa, analea watoto wawili kwa maharage na mboga za lengalenga, hawezi kumwambia jirani kwamba amenunua pambo. Nikasema ni cha mama, kilikuwa sandukuni. Jirani akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema marehemu alikuwa mtu wa kutunza vitu.

Basi likawa hilo. Kila sanamu niliyoipata baadaye ilitoka kwenye sanduku la mama. Nilipata mpiga zumari, bibi mwenye feni, mzee anayenusa tumbaku, malaika wawili wanaogombea zabibu. Sanduku lenyewe lilikuwa dogo, la bati, lenye kutu. Kama kweli lingekuwa limebeba vyote hivyo, mama angehitaji kreni ya bandarini kulihamisha. Hakuna aliyeshangaa.

Badala ya kushangaa, walizisumbua. Mdogo wangu wa kiume aliliita kabati Ambasade, yaani ubalozi, na rafiki zake walipokuja kutazama mpira aliwaambia wasikae upande ule, watadaiwa viza. Shangazi mmoja alimvika mpiga zumari rozari yake na kuisahau humo miezi mitatu. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia tangu baba afe, alipomaliza kula nyama alichomeka kijiti cha meno katika kikapu cha sanamu ya bibi wa maua, kikapu ambacho fundi fulani alikisuka kwa nyuzi za udongo, uzi mmoja mmoja, kabla ya kukichoma. Nilipokitoa aliniuliza kama nimeanza kuwalinda wazungu. Nimesema mara nyingi kwamba vitu hivi havishikwi kichwani. Kila mgeni anashika kichwani.

Mteja mmoja, mzee wa Kibelgiji niliyempelekea mchunga kondoo amtazame, ndiye aliyenifundisha kutazama chini ya kitako. Alinionyesha tundu dogo la kupitishia hewa moto wa tanuru unapopanda, na namba iliyochorwa kwa kijiti udongo ukiwa bado mbichi. Akasema yule mchunga kondoo wangu ameinamisha kichwa upande kwa sababu kuna mtu anayemtazama. Hakutengenezwa peke yake. Mahali fulani kuna msichana mwenye namba ileile.

Nilimtafuta miaka saba. Maboyi wa nyumbani na mazamu wa nusu ya mji walikuwa na namba yangu ya simu, na nilienda kutazama kila uchafu walionipigia, ikiwamo mbwa wa plastiki. Nilimkuta msichana kwenye nyumba moja Kigobe, jikoni, anazuia dirisha lisijifunge na upepo. Uso ulikuwa umejaa mafuta ya kukaangia. Nilimgeuza, nikasoma namba, ikabidi nikae juu ya ndoo. Mpishi alinipa bure na kuomba nimletee jiwe la kuzuia dirisha.

Niliwaweka pamoja rafu ya katikati, kichwa cha kijana kimeelekea kwa msichana, mikono yao karibu kugusana. Kama nina kitu duniani nilichokikamilisha, ni kile. Shule sikuimaliza.

Mwaka jana kitinda mimba wetu alichumbiwa na kijana mwema, fundi wa friji. Kabla ya harusi baba mdogo aliitisha kikao cha familia, tukanunua kreti ya bia na nyingine ya fanta. Aliketi kwenye kiti kikubwa na kueleza kwamba msichana haondoki kwao kabla vitu vya mama yake havijagawanywa, kwa sababu akishaondoka atarudi kama mgeni, na mgeni hafungui kabati. Sufuria, vitenge na lile sanduku la bati vilimalizika kwa muda mfupi. Kisha akanyoosha chupa kuelekea Ambasade na kusema bibi harusi aanze kuchagua.

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku uliotangulia niliamua kwamba nitasimama na kusema ukweli wote, na iwe aibu, lakini kabati libaki zima. Sikupata nafasi ya kusimama. Bibi harusi alikwenda moja kwa moja rafu ya katikati na kumtoa mchunga kondoo. Alimshika kichwani.

“Huyo apana,” nilisema. “Kuna wengine ishirini na tisa hapo. Chukua hata kumi.”

“Mi ninataka huyu.”

Nilimweleza habari ya namba na ya kichwa kilichoinama. Nilisema hao ni wawili, hawatenganishwi. Baba mdogo alicheka hadi bia ikampalia, akauliza kama hao nao walitolewa mahari.

“We ni mukubwa wao,” aliniambia alipopata pumzi. “Lakini vitu ni vya mama yao. Mukubwa si mwenyewe.”

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi tayari, fupi, ya kuanzia na kaki.

Bibi harusi akasema, “Dada, mi sina kitu kingine. Ninyi mulikaa na mama, munamukumbuka. Mi ninakumbuka tu siku moja. Alikuwa amenibeba hapa, ananionesha huyu kondoo, anafanya mee, mee, anafinya pua yangu. Nikicheka anafanya tena.”

Mama alikuwa ameshazikwa miaka miwili mchunga kondoo alipoingia nyumba ile. Aliyembeba mtoto ni mimi. Nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma kwa cherehani, na mtoto alikuwa hataki uji. Ile mee ilikuwa ya kumfungua mdomo.

Nilimtazama mdogo wangu wa kiume. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na moja, alikuwa palepale sakafuni na viraka vyake viwili, na ni mtu asiyesahau neno la mtu. Alijua. Kwa uso wake nilielewa kwamba siku zote alijua, na miaka yote ile ya viza na ubalozi alikuwa akinisubiri niseme mwenyewe. Akageuza chupa yake polepole mkononi.

“Ni kweli,” alisema. “Mama alikuwa anafanya hivyo. Mi nilikuwepo.”

Kama ningesema, ningemnyang'anya mama yake mbele ya kreti mbili ili nibaki na kauri. Nikaleta mabaki ya pazia la mahameli nikaanza kumfunga mchunga kondoo. Kisha nikamchukua na msichana wake, kwa sababu kama nimepoteza, basi angalau wasitengane, nikamwambia bibi harusi awachukue wote wawili.

Akakataa.

“Huyo wa kike simukumbuki,” alisema. “Na nyumba yetu ni chumba na sebule, nitamuweka wapi?”

Miaka saba. Nilimrudisha msichana kwenye rafu na kufunga mlango wa kabati kwa nguvu kiasi kwamba malaika waligongana. Mdogo wangu wa kiume alipoulizwa achague, alisema hataki mzungu hata mmoja, akaomba sufuria kubwa.

Wiki chache baada ya harusi kitinda mimba alinipigia simu nikiwa na pini mdomoni, nakunja pazia la mteja. Mama mkwe wake alikuwa amependa ile sanamu, alitaka kujua mama aliipata wapi, na yeye alikuwa hajui la kujibu. Nilitoa pini moja moja. Nikamweleza yote: nyumba ya Kigobe, masanduku barazani, zamu aliyenung'unikia wenzake waliopata magodoro, kubadilishana kwa kitambaa langoni. Pale nilipokuwa mimi nikamweka mama. Hadithi ilikaa vizuri, isipokuwa kaki nikaiita tu kitambaa. Alisikiliza bila kunikatiza. Alisema mama alikuwa mtu wa ajabu, na nikakubali.

“Na yule wa kike?” akauliza. “Yeye mama alimutoa wapi?”

Nilikuwa na uwezo wa kuendelea. Jiko, dirisha, mafuta ya kukaangia, ndoo; mama angekaa juu ya ndoo ile bila shida yoyote.

“Huyo si wa mama,” nilisema. “Huyo nilimutafuta mi.”

Nyuma yake nilisikia mtu akikoroga chai.

“We, dada?” alisema. “Kumbe na we unapenda hivi vitu?”