Gari la Mikanda la Kicukiro

Mwanamke aliyenifundisha kuendesha gari alinijia kwa ajili ya Kiswahili. Nafundisha somo hilo katika shule moja ya sekondari huku Kimironko, Kigali, na siku moja baada ya vipindi vya asubuhi nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi na kilemba cha kitenge.

"Mwalimu, mimi iko na garaji Kicukiro," alisema. "Natafuta mutu ya kuandika. Mambo ya moteri za resi. Iko yote hapa," akagusa paji la uso wake, "lakini hii mikono inajua spana, haijui kalamu."

Nilimuuliza kwa nini asitake yaandikwe kwa Kinyarwanda au Kifaransa, maana alikulia Bujumbura na Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akanieleza kwamba mafundi wake wanatoka Goma, Bujumbura, Kampala na hapa hapa Kigali. Wakigombana, kila mmoja anagombana kwa lugha yake. Wakifungua moteri, yaani injini, wote wanazungumza Kiswahili.

Nilikubali, na Jumamosi iliyofuata nikapanda pikipiki hadi Kicukiro. Kupanda pikipiki kwangu si jambo jepesi. Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio nikiwa mdogo, kule Karagwe walikokimbilia wazazi wangu, na tangu hapo natembea kwa mkongojo. Dereva hunisubiri nizungushe mguu kwa mikono, abiria wengine wanaosubiri wanatazama, nami hujifanya sioni. Niliwahi kwenda kwenye shule ya udereva. Mwalimu wa pale aliutazama mguu, akaniambia kwa upole kwamba klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na sikurudi tena.

Yule mama hakuniuliza lolote kuhusu mguu. Alinipa kiti cha gari kilichong'olewa, akaniwekea kikombe cha chai juu ya sanduku la vifaa, akaanza kusimulia.

Baba yake alikuwa fundi aliyewatengenezea injini watu wa kushindana kwenye barabara za vumbi. Injini ya kwanza aliyoikumbuka ilikuwa ndogo, ya silinda tatu, na mafuta yake ya kulainisha yalichanganywa na petroli ndani ya tangi. Watu waliicheka mpaka ilipoyapita magari makubwa kwenye kona zenye utelezi. Niliandika kwamba ililia kama mashine ya kusaga. Akanisimamisha.

"Hapana, mwalimu. Mashine ya kusaga inalia na tumbo. Ile ilikuwa inalia na pua."

Nikafuta, nikaandika pua. Ndivyo tulivyokwenda, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alinisimulia jinsi injini zilivyoongezewa nguvu kwa kusukumiwa hewa, hata dereva akiachia pedali ya mafuta, bomba la ekzosi linatema moto. Alinisimulia magari yaliyopewa nguvu kwenye magurudumu yote manne, na madereva wa zamani waliolalamika kwamba siku hizi gari linajiendesha lenyewe. Sehemu nyingine sikuzielewa. Akishikwa na hasira kwa kutoelewa kwangu, aliniletea chuma chenyewe na kukiweka mapajani mwangu, nami nilirudi nyumbani na sketi yenye grisi.

Katika mwezi wa pili wa kazi yetu tulifika kwenye gari la kijani. Lilikuwa kwenye kona ya garaji, limefunikwa turubai, gari dogo la Kiholanzi aliloachiwa na padri mmoja mzee aliyerudi kwao. Aliliinamia akanionyesha chini, kwenye magurudumu ya nyuma. Badala ya gia za chuma kulikuwa na mikanda miwili mipana ya mpira iliyozunguka kwenye puli, yaani kapi. Puli zilijifungua na kujibana zenyewe kadiri mwendo ulivyobadilika.

"Watu walicheka hii pia," alisema. "Lakini ilienda kwa mashindano ya mbali sana, na ilifika. Inaenda nyuma mbio sawa na mbele. Kwao walikuwa wanashindana nayo kinyumenyume." Akaniambia kwamba miaka mingi baadaye wahandisi walifunga mikanda kama hiyo kwenye gari la resi la kisasa, wakalijaribu, na sheria zikaikataza kabla gari hilo halijashindana hata mara moja.

Nilikuwa bado naandika aliposema, "Sasa angalia pale chini ya usukani."

Niliangalia. Palikuwa na pedali mbili tu, breki na mafuta.

"Haina ambrayaje, mwalimu. Hiyo klachi munayosema. Mguu wa kulia unatosha."

Nilijifanya natafuta kalamu. Kumbe alikuwa akilitengeneza gari lile kwa ajili yangu wiki zote nilizokuwa nikimwandikia, siku ambazo sikuwapo, na mafundi wake wote walijua. Nilipoinua uso walikuwa wamesimama, wameshika matambara, wanatazama chini kwa haya.

Nilipata kibali cha kujifunzia udereva, naye akawa anakaa pembeni yangu akinifundisha. Injini ile ilikuwa na sauti moja, haipandi wala haishuki, gari tu ndilo lililoongeza mwendo, na ilinichukua siku kadhaa kuacha kuiogopa. Kisha tukaenda kituo cha mabasi cha Nyabugogo kuchukua mikanda mipya iliyokuja na basi kutoka Kampala. Tuliipata. Wakati wa kurudi, katikati ya mlima, nikasikia mlio kama wa kofi, na gari likapungua nguvu. Nyuma yetu lori lilipiga honi.

"Mukanda ya kushoto imekatika," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. "Ya kulia iko. Endelea."

"Tutarudi nyuma, mama."

"Haturudi. Kanyaga polepole. Usiache."

Nilikanyaga. Gari lilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, likisukumwa na gurudumu moja la nyuma, nami nikihesabu nguzo za taa mpaka tukafika tambarare. Pale alinionyesha mahali pa kuegesha, akashuka na ovaroli yake safi, akalala chini ya gari, akabadilisha mikanda yote miwili huku mimi nikimpitishia spana. Alipotoka nilimwambia asante. Akasema asante niiweke kwa siku ya leseni.

Siku hiyo ilifika. Ruhusa ya kufanya mtihani kwa gari lisilo na klachi ilipoanza kutolewa, nilijiandikisha, nikafaulu. Nilimpelekea funguo za gari la kijani. Alizitazama, akazirudisha kwenye mfuko wangu.

"Gari inataka mutu ya kuitembeza," alisema. "Mimi niko na zingine."

Kitabu chetu tulikichapa na kukijalidi. Kimefungwa kwa kamba kwenye ukuta wa vifaa, kurasa zake zimeshachafuka kwa vidole vya mafundi, na wamenisahihisha kwa kalamu mahali pengi. Nafurahi kila ninapokuta sahihisho jipya.

Siku hizi macho yake yana mtoto wa jicho, nami ndiye ninayempeleka hospitali kila Jumanne baada ya kazi. Hufumba macho na kulisikiliza gari. Wiki iliyopita, tukiwa bado hatujatoka Kicukiro, aliniambia mkanda wa kulia umelegea kidogo. Tulisimama, nikainama kuangalia, na kweli ulikuwa umelegea. Niliukaza mwenyewe, yeye akinielekeza kutoka kwenye kiti chake.