Ng'ombe Hana Mtani

Sili nyama siku hizi. Majirani zangu hapa mtaa wa Mabawa wanajua hivyo, ila sababu hawaijui. Wengine wanasema ni presha, na mimi nimewaacha waseme. Wewe nitakueleza, na ukitaka kucheka, cheka, maana jambo lenyewe lilianza kwa kicheko. Lakini usiniambie nilikuwa naota. Wallahi ilikuwa mchana kweupe, sina homa, nimeshiba, na ndoo ilikuwa mkononi mwangu.

Mimi ni mkaguzi wa nyama. Kazi yangu ni kumtazama ng'ombe kabla hajachinjwa: ni mzima? Amepumzika? Amekunywa maji? Wanamshika kwa upole inavyotakiwa? Halafu naikagua nyama yake na kuipiga muhuri wa zambarau. Jina la machinjio silitaji. Kiongozi wa wachinjaji pale ni Maganga, Mnyamwezi ambaye babu yake alikuja Tanga kukata mkonge na hakurudi tena Tabora. Mimi ni Mzigua. Kwa hiyo sisi ni watani. Mtani akikuita mtumwa wake mbele za watu, unacheka. Akikupokonya sahani ya wali, unacheka. Ukinuna, aibu ni yako.

Na Maganga alijua kunichekesha. Nikimwambia hodhi la maji pale zizini limekauka, hujibu, "Wazigua nyie mmekua na maji ya madimbwi, leo unanifundisha mimi maji?" Tunacheka, hodhi linabaki kavu. Nikimwambia watu wake wanawakunja ng'ombe mikia mpaka mifupa inalia, huniuliza, "Kwani wamekunja wako?" Tunacheka tena. Miaka yote tulifanya kazi hivyo, na niamini, sikuwahi kurudi nyumbani nikajiona mtu mbaya.

Basi siku moja akaletwa fahali mwekundu, mwenye baka jeupe juu ya jicho la kushoto. Alikuwa ametoka mnadani na kiu yake, akagoma kuingia ndani. Wakamvuta, wakampiga, akagoma. Maganga akazunguka nyuma yake na kisu, akamkata kano za miguu. Nilikuwa nimesimama palepale. Fahali akaanguka kitako, akabaki ameketi vile, anatutazama. Maganga akanigeukia. "Mzigua, muone mjomba wako! Kachoka kusimama, kajikalia barazani!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Kisha nikaipiga nyama muhuri, begani na pajani, nikaenda zangu kunywa chai.

Wiki haikuisha. Nilikuwa nyumbani siku ya mapumziko, jua la utosini, saa ile ambayo bibi zetu walikuwa wakituita ndani kwa sababu ya mashetani. Nachota maji pipani, nikasikia mtu anapiga hodi langoni. Mwanamume mnene, shati jekundu la rangi ya udongo, nyusi moja nyeupe pe. Akasema ana kiu.

Nani anamnyima mtu maji? Nikampa kata. Hakuipokea. Akaja hadi kwenye ndoo, na hapo ndipo nilipomwona anavyotembea: anaiburuta miguu yote miwili, visigino vimelegea kama havikushikana na mguu. Akainama, akaingiza uso ndoani, akaimaliza. Nikachota nyingine. Akaimaliza. Alipoinama mara ya tatu, ukosi wa shati ukateremka, nikaona begani kwake alama ya zambarau. Nilidhani ni chanjo, au chale. Nikasogea. Wewe, muhuri wangu siujui?

Yeye akainua uso, maji yanamchuruzika kidevuni, akaniuliza taratibu kabisa, bila hasira:

"Siku ile ulicheka nini?"

Nilitafuta jibu. Wallahi nilitafuta. Ningesema nini? Kwamba ni utani? Utani wa nani na nani? Akaningoja, kama mtu anayetaka kujua kweli, na mimi nikatazama chini. Afadhali angenipiga. Nilipoinua macho hayupo, na kwenye mdomo wa ndoo unaning'inia ute mrefu mweupe.

Nilikuwa bado nimesimama pale, Bi Mwanahamisi, jirani yangu wa ubavuni, akaja amejishika kiuno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, yule fahali uliyekuwa ukimnywesha ni wa nani? Kanivurugia kisamvu changu chote!"

Nilipanda bodaboda ya kwanza niliyoiona. Zizini niliwakuta ng'ombe wa kesho yake, wamebanana kwenye jua, wengine wanalamba saruji ya hodhi. Nikabeba maji kwa ndoo kutoka bomba la nje, peke yangu, mpaka walipoacha kunywa.

Alfajiri yake, ng'ombe mmoja akagoma mlangoni, na Maganga akazunguka nyuma na kisu. Nikamwambia, "Ukikata hapo, sipigi muhuri. Si wake tu, wa wote." Akacheka, akaningoja nami nicheke. Sikucheka.

"Leo huna utani, Mzigua?"

"Ng'ombe hana mtani, Maganga."

Akafuta kisu taratibu, akakirudisha alani. Tangu siku hiyo hodhi lina maji na kano hazikatwi, lakini Maganga haniiti tena mtumwa wake. Ananiita mheshimiwa. Baba yangu alipofariki alikuja msibani, yeye ambaye kwa desturi yetu alipaswa kujilaza mlangoni jeneza lisipite, atuchekeshe katikati ya kilio. Alikaa mwisho wa mkeka, kimya, kama mgeni.

Unadhani najivunia? Naona haya kuliko zamani. Maana nasema kweli, sikubadilika kwa huruma. Nilibadilika kwa woga. Yule fahali alipokuwa ameketi chini ananitazama, mimi sikuona kitu cha kusikitikia, mpaka aliponijia na nyusi na shati. Kumbe ilibidi awe mtu ndipo nimwonee haya!

Siku hizi kicheko kikinijia, natazama kwanza chini nione ameangushwa nani. Nawe fanya hivyo. Ukicheka na mtani wako, au bosi wako, au rafiki, tazama chini kwanza. Maana ipo siku mtu atakuja langoni kwako mchana, ana kiu. Maji utampa, hilo silo gumu. Atakapomaliza kunywa atakuuliza, na mimi mpaka leo jibu sina la kukuazima.