Basi Letu na Mvua ya Tshangalele

Watu wenye akili zao huenda Ziwa Tshangalele wakati wa kiangazi, barabara ikiwa kavu. Sisi huenda wakati wa mvua. Kiangazi ukingo wa ziwa hujaa watu wa Likasi na maspika yao, kila kundi na muziki wake, na samaki wa kuchoma hupanda bei mpaka inachekesha. Mvua zikianza wote hukimbia, tukaachiwa ziwa: ukungu wa asubuhi, uyoga kandokando ya njia, na mvua inapiga bati la basi huku mko ndani mmejifunika blanketi, chai iko tayari. Sijui raha inayoshinda hiyo, na sitaki kuijua.

Basi lenyewe ni dogo. Zamani lilibeba wafanyakazi wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe, na mume wangu ndiye aliyekuwa dereva wake. Lilipochoka akalinunua, akang'oa viti, akaweka kitanda, sanduku la vyombo, mbabula ya kupikia kwa makaa, na mapazia niliyoshona kwa vitenge vyangu vya zamani, ya madirisha na moja nyuma ya kiti cha dereva. Mpaka leo ukibamiza mlango vumbi la chokaa linatoka. Nimelisengenya sana basi hilo, lakini nalipenda kama mtu wa nyumbani.

Kisha mume wangu akapata kiharusi. Alipona, ila mkono wa kushoto ulibaki mzito, na daktari akamkataza usukani. Mwanetu mkubwa akapata mnunuzi papo hapo. Nikamwambia asubiri: nitajifunza kuendesha, na nikilifikisha basi ziwani kwenye matope, hakuna wa kuliuza. Likinishinda, walichukue. Mume wangu alisikia yote, akanikabidhi ufunguo. Huyo ni mtu ambaye hakuwahi kuniachia hata honi.

Njiani lawama zikaanza. "Mama, ile haiko mwiko ya bukari!" alinipigia kelele kila nilipobadilisha gia. Nilimwambia ashukuru, mwiko huo wa ugali ndio umemnenepesha.

Tulipokaribia ziwa, gurudumu lilizama. Akashuka kwenye mvua, akakata matawi kwa mkono mmoja, akayapanga chini ya magurudumu, na basi likatoka. Alirudi amelowa chapachapa, akaingia nyuma, akafunga mapazia yote abadilishe nguo, kisha akajilaza apate joto. Mimi nikaendelea. Waipa ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilikuwa natoa kichwa dirishani nione njia, na maji yakanitiririka usoni. Sikujua kwamba matawi kadhaa yalikuwa yamenasa mbele, kwenye bampa.

Kwetu gari lenye matawi mabichi mbele ni gari la msiba. Sasa fikiria wanawake wa kijijini, waliozoea kumwona mume wangu kwenye usukani kila mwaka. Basi linakuja na matawi, mapazia yamefungwa, mke ndiye anayeendesha, uso wote umelowa. Wa kwanza alitupa kikapu chake cha uyoga, akashika kichwa. Wengine wakapokea kilio.

Na mimi, mjinga, niliamini. Matawi sikuyaona. Nilichoona ni watu wanalia wakilitazama basi langu, na nyuma yangu kulikuwa kimya. Nikakanyaga breki. Nilitaka kugeuka, shingo ikakataa. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kulifungua pazia lile la nyuma ya kiti.

Likafunguka lenyewe. Kichwa cha mume wangu kikapita begani kwangu, kikatokeza dirishani.

"Bamama, nani alikufa?"

Walitimua mbio, wengine wakaanguka matopeni. Mkubwa wao, anayetuuzia uyoga kila mwaka, alirudi polepole, akamgusa mume wangu mkono kwanza.

"Kumbe iko muzima! Papa, tulikulilia bure!"

"Haiko bure," mume wangu akamjibu. "Nilisikia. Mulinililia muzuri."

Nilicheka na wenzangu, kisha nikalia kweli, mbele ya watu wote. Yeye alishuka, akayaondoa matawi kwenye bampa moja moja kwa mkono wake mzima, bila neno la utani. Jioni wale wanawake walituletea uyoga uliopikwa na karanga, wakakaa nasi chini ya turubai, wakimtazama kila anapomeza.

Asubuhi ya kurudi nilimpigia mwanangu simu, nikamwambia mnunuzi atafute basi lingine. Mume wangu alikuwa pembeni, anasikiliza. Nilimngoja aje mbele kukaa kando yangu na kuanza lawama zake za gia. Akapanda nyuma, akajinyoosha kitandani.

"Minye nitalala," akasema. "Weye endesha tu, mama. Lakini ile pazia, usifunge."